Mgeni Mwenye Miiba: Kumkaribisha na Kumtunza Kalunguyeye Bustanini

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa bustani,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kalunguyeye, na kabla sijafika mbali sina budi kuondoa utata wa jina, maana nimekwisha kualikwa mahali ambapo wenyeji wangu walikuwa wakisubiri niwaeleze habari za nungunungu. Nungunungu ni mnyama mkubwa, mla mizizi na maboga, jamaa wa panya, mwenye mishale mirefu ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo hung'oka na kubaki mwilini mwa anayemchokoza. Kalunguyeye hana undugu naye hata kidogo. Jamaa zake wa karibu ni virukanjia. Mwili wake huenea katika viganja viwili vya mtu mzima. Miiba yake ni mifupi na haichomoki ikabaki kwa adui. Na chakula chake kikuu ni wadudu, si mboga zetu. Nungunungu akiingia bustanini, mwenye bustani ana haki ya kulalamika. Kalunguyeye akiingia, mwenye bustani amepata kibarua wa usiku asiyedai ujira.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hangoji siku ya tatu, kwa sababu huja na jembe lake usiku ule ule wa kwanza. Ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba ukarimu anaouhitaji si ule tuliouzoea. Hataki karamu, na hataki kukalishwa. Anataka afunguliwe njia, aondolewe mitego ambayo sisi wenyewe tumeitega bila kujua, kisha aachwe aendelee na shughuli zake. Wengi wetu hufanya kinyume, tukamwekea sahani ya chakula ndani ya ukuta ambao hana namna ya kuupita.

Kalunguyeye wako wa spishi zaidi ya 15, nao kwa asili huishi Afrika, Asia na Ulaya. Amerika na Australia leo hakuna spishi yao ya asili. Yule wa ukanda wa kati wa Afrika, kutoka Senegali hadi upande wa mashariki wa bara, ana vidole vinne katika kila mguu wa nyuma, na wataalamu wamempa jina kutokana na alama hiyo. Yule wa Ulaya ni mkubwa kidogo, na akinenepa vizuri hufikia kilo moja au kuzidi kidogo. Tabia zao zinafanana kiasi kwamba nitakayoyasema yanawahusu karibu wote, isipokuwa pale nitakapotenga.

Miiba ya kalunguyeye mzima wa Ulaya hukadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 7,000. Kila mmoja ni unywele uliogeuka kuwa mgumu, umetengenezwa kwa keratini, ile ile iliyomo katika kucha zetu, na ndani yake mna uwazi unaoupunguzia uzito. Chini ya ngozi ya mgongo kuna msuli mpana uliozunguka mwili, nao ukikazwa hufanya kazi kama kamba ya mdomo wa mfuko: kichwa na miguu huvutwa ndani, na kinachobaki nje ni tufe la miiba. Watoto huzaliwa miiba yao ikiwa imefunikwa na ngozi iliyovimba kwa majimaji, jambo ambalo mama zao bila shaka wanalishukuru, kisha baada ya saa chache miiba laini myeupe huanza kuchomoza.

Silaha hiyo ilitosha kwa maelfu ya miaka dhidi ya mbweha na wengineo, ingawa bundi wakubwa wenye kucha ndefu hawaijali sana. Haitoshi dhidi ya gari. Haitoshi dhidi ya mashine ya kukatia nyasi, wala wavu, wala moto. Hapa ndipo ilipo shida yote ya mnyama huyu katika zama zetu, kwamba akiona hatari hakimbii, bali husimama na kujikunja, na vitu tulivyovitengeneza haviogopi miiba.

Ningependa mumjue kwa masikio kabla ya macho, kwa sababu ndivyo nilivyomjua mimi. Nilikuwa nimekaa kimya nje usiku, taa zimezimwa, nikasikia nyuma ya lundo la majani mtu anayevuta pumzi kama mwenye mafua makali. Ilifuata michakacho ya majani makavu, kisha kimya, kisha sauti ya kutafuna, kavu na ya wazi, kama mtu anayetafuna bisi. Alikuwa amempata mbawakawa. Nilipowasha tochi niliyokuwa nimeifunga kitambaa chekundu, niliona pua ndefu iliyolowa ikitikisika huku na huku, macho mawili madogo meusi ambayo sidhani kama yaliniona, na miguu mirefu kuliko nilivyotazamia. Kalunguyeye haoni vizuri. Huendeshwa na pua na masikio, na kwa hivyo anaweza kupita karibu na kiatu chako iwapo hutatikisika na upepo hauelekei kwake.

Katika usiku mmoja mnyama huyu mdogo hutembea kilomita moja hadi mbili, na dume katika msimu wa kutafuta jike huweza kuzidi hapo. Naomba tulitafakari jambo hilo, kwa sababu ndilo kiini cha hotuba yangu. Hakuna bustani yoyote kati ya zetu inayomtosha kalunguyeye mmoja. Anayekutembelea saa mbili usiku atakuwa kwa jirani yako saa tatu, na kwa jirani wa jirani yako saa nne, na anakula mbawakawa hapa, kiwavi pale, nyungunyungu kwingine. Ukuta imara usio na upenyo, ambao sisi tunauona kuwa alama ya nyumba iliyotunzwa, kwake ni mwisho wa dunia, na atakachofanya ni kuufuata hadi utakapomtoa barabarani.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Nimekuja na kipande cha katoni nilichokikata tundu la mraba la sentimita 13 kwa 13, na sasa nakizungusha miongoni mwenu ili kila mmoja akione na kukishika. Kipimo hicho kimeenezwa sana Uingereza na kampeni ya Hedgehog Street, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mashirika mawili ya uhifadhi, nayo huwaomba majirani watoboe upenyo wa namna hii chini ya ua zao. Ni mdogo mno kwa mbwa wengi na ni mkubwa wa kutosha kwa kalunguyeye aliyeshiba. Kama ua wako ni wa mbao, ubao mmoja ukatwe kwa chini. Kama ni wa seng'enge, inua ukingo wake na ufunge waya zilizochongoka zisimchane. Kama ni wa matofali, toa tofali moja na nusu, au chimba mfereji mfupi chini ya msingi ikiwa fundi atakuhakikishia kwamba hautadhoofika.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni jirani, kwa kuwa tundu lina pande mbili. Tundu linaloingia katika bustani ya mtu asiyejua kalunguyeye ni nani, na ambaye jana amemwaga sumu ya konokono, ni afadhali lisiwepo. Kwa hivyo mazungumzo huja kwanza, msumeno baadaye. Kwa uzoefu wangu jirani hakubali kwa kusomewa takwimu. Hukubali akiitwa usiku mmoja, akakaa kwenye kiti kimya, akasikia ile sauti ya mafua.

Baada ya njia, kinachofuata ni mahali pa kujisitiri. Hapa nina habari njema kwa wavivu, na mimi ni mmoja wao. Kona moja ya bustani isiyofagiwa, yenye majani makavu, matawi yaliyokatwa na kuni kuukuu zinazooza taratibu, ina thamani kubwa kuliko kibanda chochote cha kununua. Majani ndiyo godoro lake, na magogo ndiyo ghala lake, kwa kuwa humo ndimo wanamozaliana mbawakawa na jongoo. Anayetaka kujenga kibanda na ajenge, mradi mlango uwe wa kipimo kile kile cha katoni yetu, sakafu isituame maji, na kisha asikifungue kuchungulia. Jike huchukua mimba ya siku zipatazo 35, huzaa watoto wanne au watano, na akibughudhiwa katika siku za mwanzo anaweza kuwatelekeza au hata kuwala. Udadisi wetu, hata wenye nia njema, umekwisha kugharimu vizazi vizima.

Sambamba na kona hiyo ni suala la sumu, nalo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa halina pande mbili. Anayemwaga viuadudu katika bustani nzima amekwisha kumnyima mgeni chakula kabla hajafika. Chembechembe za kuulia koa na konokono zenye metaldehaidi zina madhara kwa wanyama wengine kiasi kwamba matumizi yake ya nje yalipigwa marufuku nchini Uingereza mwaka 2022. Sumu ya panya nayo husafiri kutoka kwa anayeila kwenda kwa anayemla.

Sasa nifike kwenye chakula, kwa kuwa najua ndilo swali litakaloulizwa. Picha tuliyorithi ni ya kalunguyeye anayelamba maziwa kwenye kisahani. Picha hiyo imeua wengi. Kalunguyeye aliyekwisha kuachishwa ziwa hawezi kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa; maziwa ya ng'ombe humharisha, na mnyama wa gramu mia chache anayeharisha hupungukiwa maji upesi. Mkate hauna madhara makubwa kama maziwa, lakini hujaza tumbo bila kulisha. Kinachomfaa ni maji safi, katika chombo kipana kisicho na kina, kila usiku na hasa siku za ukame. Na ukitaka kuongeza chakula, basi kile cha paka au cha mbwa chenye nyama nyingi, kiasi cha vijiko vichache, kiwekwe jioni na kuondolewa asubuhi. Wale funza wakavu wanaouzwa kwa ajili ya ndege, pamoja na karanga na mbegu za alizeti, anavipenda kama mtoto apendavyo peremende, lakini fosforasi yake ni nyingi na kalisi ni kidogo, na akivila kwa wingi mifupa hudhoofika. Naomba pia tusisahau kuosha vyombo. Mahali ambapo kalunguyeye watano hula sahani moja isiyooshwa ni mahali pa kuambukizana maradhi, na sisi wenyewe tunaweza kuambukizwa salmonela na mba wa ngozi, kwa hivyo glavu na sabuni ni za lazima.

Uzushi wa maziwa una ndugu zake. Waandishi wa Roma ya kale waliamini kwamba kalunguyeye hujiviringisha juu ya matunda yaliyoanguka na kuyabeba mgongoni, na picha za namna hiyo zinachorwa hadi leo, ingawa mnyama huyu hahifadhi chakula na mkono wake haufiki mgongoni kukitoa. Uingereza, watu waliamini kwamba huwanyonya ng'ombe waliolala, na sheria ya mwaka 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwataka wasimamizi wa makanisa walipe peni mbili kwa kila kalunguyeye aliyeuawa. Nchi ile ile leo ina chama kizima cha kumlinda, kilichoanzishwa mwaka 1982 na Meja Adrian Coles baada ya kumkuta mmoja amenasa katika shimo la vyuma vinavyowekwa barabarani kuzuia mifugo isipite. Alianza kwa kudai kila shimo la aina hiyo liwekewe njia ya mteremko ya kumwezesha mnyama kupanda na kutoka. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya uhifadhi, hakuna lililonifundisha zaidi ya kipande hicho cha njia ndani ya shimo.

Kwa sababu bustani zetu zimejaa mashimo hayo kwa majina mengine. Kidimbwi chenye kingo wima ni shimo. Kalunguyeye huogelea vizuri, lakini huchoka, na ubao mmoja wenye mikwaruzo au mawe machache yaliyopangwa kama ngazi humwokoa. Lundo la takataka linalongoja kuchomwa ni shimo la moto, kwa kuwa yeye hulitazama na kuona nyumba. Lihamishwe siku ile ile ya kuchoma, au liinuliwe kwa uma wa bustani na kuangaliwa hadi chini. Kabla ya kufyeka majani marefu, pitisha mkono wenye glavu kwanza.

Wavu nitausimulia, kwa sababu ulikuwa wangu. Watoto walikuwa wameacha goli dogo la mpira nje, wavu wake ukilala chini, na asubuhi tulimkuta kalunguyeye ndani yake. Alikuwa amejikunja, na kadiri alivyojikunja ndivyo nyuzi zilivyoingia kati ya miiba. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba na kuwa na rangi ya zambarau. Tulikata uzi mmoja mmoja kwa mkasi mdogo, kwa muda ulionikalia kama nusu siku, na kila tulipofikiri tumemaliza tuliona mwingine umezama kwenye ngozi. Hatukumwachia hapo hapo, kwa ushauri wa daktari wa wanyama, kwa sababu kiungo kilichobanwa kinaweza kuonekana kizima na kuanza kufa siku moja au mbili baadaye. Tangu siku hiyo nyavu zote kwetu, za mpira na za mboga, huning'inizwa juu au hukazwa, zikiwa angalau sentimita 20 kutoka ardhini.

Kuhusu roboti za kukata nyasi, ambazo sasa zimeanza kuwa za kawaida katika nchi nyingi, ushauri wangu ni mfupi: zifanye kazi mchana na zifungiwe usiku. Mtafiti wa Denmark, Sophie Lund Rasmussen, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya kuzijaribu roboti 18 kwa kutumia miili ya kalunguyeye waliokwisha kufa, na hakuna hata moja iliyotambua kuwapo kwa mnyama bila kumgusa kwanza. Mtafiti huyo huyo alisoma miaka katika mifupa ya taya, kama watu wasomavyo miaka katika shina la mti, na akampata dume mmoja aliyeishi miaka 16. Wastani aliouona ulikuwa takriban miaka miwili. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni magari na mambo ninayoyazungumza hapa. Mwaka 2024 kalunguyeye wa Ulaya aliingizwa katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, kuwa mnyama anayekaribia kuwa hatarini.

Lipo suala la usingizi, ambalo huwachanganya watu. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kalunguyeye hulala miezi kadhaa. Joto la mwili wake hushuka kutoka nyuzi 35 hivi hadi nyuzi 10 au pungufu, na moyo uliokuwa ukipiga mara 190 kwa dakika hupiga mara 20 hivi. Aliye hivyo si mgonjwa, na kumwamsha ni kumwibia mafuta aliyoyaweka akiba. Katika nchi za joto baadhi ya spishi hupumzika namna hiyo wakati wa ukame, chakula kinapoadimika. Kwa hivyo ukifunua lundo la majani ukakuta tufe baridi linalopumua polepole, rudisha majani kama yalivyokuwa na uende zako.

Anayehitaji msaada ni yule anayeonekana mchana, amejinyoosha kama anayeota jua, akiyumba, au akizungukwa na inzi. Jike mwenye watoto huweza kutoka mchana kwa haraka kutafuta maji, lakini huyo hutembea kwa shughuli na hashangai. Aliyezubaa mchukue kwa glavu au kwa taulo, mweke ndani ya katoni yenye kuta ndefu na matundu ya hewa, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, nusu moja tu ya katoni ili aweze kujisogeza akizidiwa na joto. Mwache gizani na kimya. Usimlazimishe kula, kwa kuwa mnyama aliyepoa hawezi kumeng'enya. Kisha mtafute daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, maana mayai ya inzi yakishaanguliwa katika kidonda saa chache ni nyingi. Viroboto utakaowaona wasikutishe, kwa kuwa wale wa kalunguyeye kwa kawaida hawadumu juu ya paka wala mbwa.

Akipona, hurudishwa pale pale alipookotwa, wakati wa magharibi. Hapa nawaomba mnivumilie niseme kwa msisitizo, kwa sababu kila mara baada ya hotuba kama hii hutokea mtu mwema akaniuliza wapi atawapata wawili awalete kwake. Asiwalete. Mwaka 1974 walipelekwa kalunguyeye wachache katika kisiwa cha South Uist, Uskoti, ili wapunguze koa bustanini. Waliongezeka wakawa maelfu, wakayaona mayai ya ndege wanaotaga ardhini kuwa chakula rahisi kuliko koa, na hadi sasa watu wanahangaika kuwaondoa. New Zealand, walikopelekwa na walowezi katika karne ya 19, mnyama huyu tunayemlilia hapa huhesabiwa miongoni mwa waharibifu. Wala asifungiwe kwa mapenzi ndani ya ua wenye mlango uliofungwa. Kama hayupo katika eneo lako kwa asili yake, kona yako ya majani itawafaa vyura, mijusi na ndege. Kama yupo, ataifuata harufu ya nyungunyungu mwenyewe, mradi amekuta upenyo.

Nakaribisha maswali. Na kile kipande cha katoni kikimaliza kuzunguka, naomba kirudi hapa mbele, kwani kesho jioni ninakihitaji kwa jirani yangu wa upande wa pili, ambaye amekubali nije na kiti.